Kikaragosi Kilichopinduliwa: Snoopy na Kamba Zake

Usiku wa Jumatano ya tarehe 27 Novemba 2019 nilimkuta Snoopy amelala kifudifudi katika Barabara ya 77, jijini New York, ubavuni mwa Makumbusho ya Historia ya Asili, akiwa amefunikwa wavu mzito na kuzungukwa na watu waliovaa ovaroli waliokuwa wakimjaza gesi kwa mipira minene. Dada yangu, anayeishi ng'ambo ya mto Hudson, alikuwa amenishauri kwamba gwaride lenyewe la Sikukuu ya Shukrani, linaloandaliwa na duka la Macy's, ni la wageni na la wenye subira ya kusimama kwenye baridi tangu alfajiri. Mwenyeji anayejua mambo huenda usiku wa kuamkia sikukuu, maputo yanapovimba taratibu na kuinuka moja baada ya jingine. Mpwa wangu, aliyekuwa amekaa mabegani mwangu, alimtazama mbwa yule mwenye ukubwa wa nyumba, kisha akaniinamia sikioni.

"Mjomba, amelala au amefungwa?"

Nilimjibu kwamba amefungwa kwa sababu ya upepo, na sikumdanganya. Habari iliyokuwa midomoni mwa watu wote pale barabarani ni kwamba kesho yake kungekuwa na upepo mkali, na kwamba huenda polisi wakazuia maputo yote yasipae. Tangu usiku ule nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu maputo haya, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba historia yake yote imo ndani ya swali la yule mtoto.

Kwa msomaji ambaye hakukua na vibonzo vya magazeti ya Marekani, Snoopy ni mbwa mweupe mwenye masikio meusi, mali ya mvulana mnyonge aitwaye Charlie Brown, katika vibonzo vya Peanuts ambavyo Charles Schulz alianza kuvichapisha Oktoba 1950 na kuendelea navyo kwa karibu nusu karne. Hapo mwanzo alikuwa mbwa wa kawaida, anatembea kwa miguu minne na kubweka. Baadaye alianza kuwaza, akasimama kwa miguu miwili, akahamia juu ya paa la kibanda chake, na huko juu ndiko alikoanza kuishi maisha ambayo hakuna aliyemwambia kwamba hayawezekani. Nitarudi kwenye paa hilo. Kwanza ni lazima nieleze ni vipi mtu alipata wazo la kumjaza mhusika wa katuni gesi na kumtembeza barabarani.

Gwaride la kwanza la duka la Macy's lilifanyika tarehe 27 Novemba 1924. Lilianzia Barabara ya 145, huko Harlem, likashuka kwa takribani kilomita kumi hadi mlangoni mwa duka hilo, Herald Square, na halikuficha nia yake: lilikuwa la kufungua msimu wa manunuzi ya Krismasi, na mwishoni mwake alikuja Santa Claus. Walioandamana walikuwa wafanyakazi wa duka, wengi wao wahamiaji, na pamoja nao walitembezwa wanyama hai walioazimwa kutoka bustani ya wanyama ya Central Park, wakiwemo tembo na ngamia. Mwaka 1927 wanyama hao waliachwa, na nafasi yao ikachukuliwa na maputo.

Mwenye wazo hilo alikuwa Tony Sarg, mtu aliyezaliwa Guatemala mwaka 1880 kwa baba Mjerumani na mama Mwingereza, ambaye kazi yake ilikuwa kuchezesha vikaragosi na ambaye alikuwa ameshapamba madirisha ya maonyesho ya duka hilo. Kikaragosi cha kawaida hutundikwa kwa nyuzi, na mwenye kukichezesha hukaa juu, amefichika. Sarg alikipindua: kikaragosi kikawa juu, na wachezeshaji wakawa chini, wanaonekana na kila mtu. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko linavyosimuliwa, kwa sababu tangu siku hiyo mwenye kushika nyuzi hakuwa tena bwana wa mdoli wake. Kikaragosi cha kawaida kikiachiwa huanguka. Hiki cha Sarg kikiachiwa huondoka. Kazi ya kuyatengeneza ilipewa kampuni ya Goodyear ya Akron, jimbo la Ohio, iliyokuwa na uzoefu wa mpira na wa meli za angani. Paka Felix ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mhusika wa kwanza wa katuni kuingia katika gwaride hilo. Maputo ya mwaka ule wa kwanza yalijazwa hewa tu na kubebwa juu ya fito; mwaka uliofuata, 1928, yakajazwa gesi ya heli, na hapo ndipo yalipopaa kwa nguvu zake yenyewe.

Sarg huyo alikuwa pia mtu wa mizaha. Agosti 1937, katika kisiwa cha Nantucket alikokuwa na makazi, zilionekana nyayo kubwa za kutisha mchangani, magazeti yakaandika habari za nyoka wa baharini, na siku chache baadaye "nyoka" mwenyewe akaelea hadi ufukweni: puto la mpira lenye urefu wa zaidi ya mita 30, ambalo Novemba ile lilikwenda New York kuungana na wenzake.

Katika miaka ya mwanzo hakuna aliyekuwa amefikiria sawasawa namna ya kuyashusha maputo baada ya sherehe, kwa hiyo yaliachiwa yaende zake. Ya kwanza yalipasuka, kwani kadiri puto linavyopanda ndivyo mgandamizo wa hewa ya nje unavyopungua na gesi ya ndani inavyotanuka. Mafundi wakayawekea vali za kupunguza gesi kidogo kidogo ili yaelee kwa siku kadhaa, na duka likayashonea anwani yake pamoja na ahadi ya zawadi kwa atakayelirudisha puto. Mtu anaweza kukisia kilichofuata katika nchi iliyokuwa ikiingia katika ukata mkubwa wa miaka ya 1930: watu waliyawinda, kwa magari, kwa mashua, hata kwa ndege. Mwaka 1932 msichana wa miaka 22 aliyekuwa akijifunza urubani alimwona puto-paka akielea kwenye kimo cha takribani mita 1,500 na akaielekeza ndege yake kwake kwa makusudi. Kitambaa kilijiviringisha kwenye bawa, ndege ikaanza kuzunguka ikienda chini, na kama mwalimu wake, aliyekuwa naye ndani, asingeushika usukani, habari ingeishia kwenye mapaa ya nyumba za watu. Baada ya hapo maputo hayakuachiwa tena. Kamba, ambazo kwa miaka michache zilikuwa za muda tu, zikawa za kudumu.

Miaka miwili baadaye alikuja Mickey Mouse, mwenye kimo cha mita 12 na washika kamba 25, kazi ya Sarg akishirikiana na Walt Disney. Kutoka hapo gwaride likawa mahali pa mhusika wa katuni kuthibitishiwa umaarufu wake, na pia mahali pa biashara, jambo ambalo si la kuonea haya wala la kusifia.

Vita vya Pili vya Dunia vilipofika Marekani, gwaride lilisimama kuanzia mwaka 1942 hadi 1944. Heli ilihitajiwa na jeshi, na mpira ulikuwa adimu kwa sababu Japani ilikuwa imeziteka Malaya na visiwa vya Indonesia. Meya Fiorello La Guardia alisimama kwenye ngazi za ukumbi wa jiji na kulitoboa puto la joka la kijani mbele ya wapiga picha, na mpira wote wa maputo, karibu kilo 300, ukatolewa kwa ajili ya vita. Niliposoma habari hiyo nilisimama kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa Muheza, na uhaba huohuo una sura nyingine kwetu. Miti ya mpira iliyopandwa enzi za Wajerumani, na ambayo ilikuwa imetelekezwa, ilirudiwa katika miaka hiyohiyo, na serikali ya kikoloni ikawalazimisha watu kwenda kuigema. Babu aliizungumzia kazi hiyo kwa maneno machache sana. Karibu kilo 300 za mpira wa joka na wenzake ni kiasi kidogo mno mbele ya mahitaji ya jeshi. Lililotakiwa ni picha. Yaliyofanyika Muheza hayakupigwa picha.

Gwaride lilirejea mwaka 1945, likaingia kwenye televisheni, likawa la nchi nzima. Hali ya hewa iliendelea kuyakejeli maputo kila ilipopata nafasi. Mwaka 1957 mvua iliijaza kofia ya Popeye, baharia ambaye angetazamiwa kuyajua maji kuliko wengine, na kila alipoinama aliwamwagia watazamaji. Miaka mitano baadaye kofia ya Donald Duck ilifanya vivyo hivyo. Mwaka 1958 heli ilipungua, na maputo yakajazwa hewa na kutundikwa kwenye winchi za ujenzi kama nguo zilizoanikwa. Heli si gesi inayotengenezwa kiwandani. Huzalishwa polepole ndani ya miamba, atomi za urani na thori zinapovunjika kwa mamilioni ya miaka, na kwa muda mrefu Marekani ndiyo iliyokuwa na ghala kuu la dunia. Ndiyo maana mwaka 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walipotangaza kwamba katika Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, kuna heli inayokadiriwa kufikia futi za ujazo bilioni 54 katika eneo moja tu, habari hiyo ilifuatiliwa na watu wa mashine za hospitali na wa roketi. Wa maputo ni wateja wadogo, lakini ndio wanaojulikana zaidi.

Sasa nirudi kwenye paa la kibanda. Oktoba 1965 Schulz alimchora Snoopy juu ya paa hilo akiwa na kofia ya ngozi na miwani ya marubani wa zamani, akiamini kwamba kibanda ni ndege ya kivita ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kwamba anapambana na rubani maarufu wa Kijerumani, Red Baron. Kibanda hakikuondoka chini hata kidogo. Msomaji anaiona hivyo, Charlie Brown anaiona hivyo, ila mbwa mwenyewe anaona mawingu. Tarehe 28 Novemba 1968, miaka mitatu baada ya kibonzo hicho, Snoopy aliingia katika gwaride kwa mara ya kwanza akiwa na vazi hilohilo la rubani.

Ninaamini kwamba siri ya kudumu kwake iko hapa. Mickey anapokuwa puto, amepewa kupaa ambako si kwake. Superman anapokuwa puto hajaongezewa kitu, maana anapaa hata bila gesi, na zile kamba zinamshusha hadhi. Snoopy peke yake ndiye anayedhani anapaa, na asubuhi moja kwa mwaka anakuwa ni kweli anapaa, huku akiwa bado amefungwa chini kama ilivyo daima. Kamba ambazo kwa wengine ni aibu ya kuvumiliwa, kwake ni sehemu ya hadithi, kwani ndizo zinazochukua nafasi ya kile kibanda.

Mwaka 1969 bahati ilimwongezea. Mwezi Mei wanaanga wa Apollo 10 walikwenda kufanya mazoezi ya mwisho ya kutua Mwezini. Chombo chao kikuu kilipewa jina la Charlie Brown, na kile cha kushukia kikaitwa Snoopy. Snoopy hicho kilishuka hadi kilomita 15 hivi kutoka uso wa Mwezi, kisha kikapanda tena bila kutua, jambo linalolingana kabisa na tabia ya aliyekipa jina. Shirika la NASA lilikuwa tayari limemchagua mbwa huyo kuwa alama ya usalama kazini, na tangu mwaka 1968 wanaanga huwatunuku wafanyakazi beji ya fedha yenye sura yake. Tarehe 24 Novemba 1969 Apollo 12 ilirudi kutoka Mwezini. Siku tatu baadaye Snoopy alipita Manhattan akiwa amevaa mavazi ya mwanaanga. Yule niliyemwona mimi chini ya wavu mwaka 2019 alikuwa na vazi la aina hiyo pia, la rangi ya chungwa, kuadhimisha miaka 50 ya safari ya kwanza ya kutua Mwezini. Kati ya hao wawili amekuja akiwa na umbo la namna nyingine kadhaa, na mwaka 2023 akaja kama skauti mwenye mkoba mgongoni. Hakuna mhusika aliyewahi kuonekana katika gwaride hilo kwa sura nyingi kama yeye. Charlie Brown, mwenye mbwa, alilazimika kusubiri hadi mwaka 2002 ndipo naye akatengenezewa puto, akiwa anaufukuzia mpira wa futiboli ya Kimarekani ambao, kama kawaida yake, asingeupiga. Minnie Mouse alisubiri zaidi: mpenzi wake Mickey alipata lake mwaka 1934, yeye mwaka 2024.

Upepo ndio adui wa kweli. Mwaka 1971 ulikuwa mkali hata maputo yote yakaachwa chini. Mwaka 1997 yaliruhusiwa, na asubuhi hiyo ya tarehe 27 Novemba bado inatajwa kwa sauti ya chini. Upepo ulipiga kwa vishindo vya karibu kilomita 70 kwa saa. Kwenye kona ya Barabara ya 72, puto la paka mwenye kofia ndefu, mhusika wa vitabu vya watoto, lilisukumwa hadi kwenye nguzo ya taa. Mkono wa nguzo ukakatika na kuwaangukia watazamaji. Watu wanne waliumia, na mwanamke mmoja alikaa zaidi ya wiki tatu bila fahamu. Mbele kidogo maputo mengine, yaliyokuwa yameshindikana kushikwa, yalichomwa visu katikati ya barabara huku watoto wakitazama. Aliyekulia pwani anajua kwamba tanga likishika dhoruba hulishindani nalo kwa mikono, unalishusha. Lakini puto lililojaa heli halina namna ya kushushwa upesi isipokuwa kuliua.

Baada ya hapo yaliwekwa masharti. Hakuna puto linaloruhusiwa kuzidi mita 21 kwa kimo, 24 kwa urefu na 12 kwa upana. Upepo wa mfululizo ukizidi kilomita 37 kwa saa, au vishindo vikizidi 55, hakuna kupaa. Mwaka 2005 puto jingine lilipoangusha taa katika Times Square na kuwajeruhi watu wawili wa familia moja, vipima upepo vikawekwa njiani. Taa za barabarani zenye mikono inayoning'inia juu ya njia huzungushwa siku hiyo ili kupisha, na kila puto kubwa hufungwa pia kwenye magari madogo yanayolisindikiza.

Yanayobaki ni kazi ya mikono. Katika karakana iliyoko Moonachie, jimbo la New Jersey, kila mhusika huanza kama sanamu ndogo ya udongo. Kutokana na sanamu hiyo hukatwa vipande vya nailoni iliyopakwa poliurethani, vinaunganishwa kwa joto na kugawanywa katika vyumba vya ndani, ili chumba kimoja kikitoboka mhusika asianguke mzima. Mita moja ya ujazo ya heli huinua takribani kilo moja. Fundi anapiga hesabu ya uzito wa kila sehemu, kwa sababu mbwa akiinuka kichwa kabla ya mkia atatembea njia nzima kama mlevi. Washika kamba wanaweza kufika 90 kwa puto moja. Mbele yao hutembea nahodha wa puto, naye huenda kinyumenyume kwa kilomita nne, macho yake yakiwa kwa mhusika na si kwa njia. Nilipomweleza dada yangu jambo hilo aliguna tu. Alikuwa akilijua siku nyingi.

Alhamisi ile polisi waliruhusu maputo yapae, lakini chini chini, kamba zikiwa zimefupishwa. Puto moja lilichanika na kuondolewa njiani. Tulichelewa kufika, tukazuiwa na vizuizi vya polisi karibu na Seventh Avenue, ambako maputo hupelekwa baada ya kulipita duka, na hapo tukaona kile ambacho televisheni haionyeshi. Zipu zilifunguliwa, na washika kamba wakamlalia Snoopy kwa vifua vyao ili kumkamua gesi. Masikio yalilegea kwanza. Ndani ya dakika kama kumi na tano alikuwa kitambaa cha rangi ya chungwa kinachokunjwa.

Mpwa wangu aliniuliza gesi yake imekwenda wapi, na safari hii nilikuwa na jibu la uhakika. Heli ni nyepesi mno kuzuiwa na mvuto wa Dunia. Ikishatoka hupanda, na hatimaye huponyoka kabisa na kuingia katika anga za mbali. Nikamweleza pia habari za kile chombo cha Apollo 10, kwamba wanaanga walipokwisha kurudi katika chombo kikuu, injini ya Snoopy iliwashwa hadi mafuta yakaisha, nacho kikatupwa nje ya mvuto wa Mwezi. Bado kinalizunguka Jua mpaka sasa, na hakuna aliyekishikia kamba.